Maswali na majibu: Usiikimbilie chipu kabla ya kupima umeme

Barua nyingi za safari hii zinahusu Commodore 64 na ZX Spectrum, kompyuta mbili za nyumbani zilizotoka mwaka 1982. Wengi mlioandika mmeshashika kichomeo cha kulehemu mkononi. Nawaomba mkiweke chini kidogo, mchukue mita ya kupimia umeme.

Commodore 64 yangu inawasha taa, lakini skrini ni nyeusi tii. Nimeambiwa ni chipu iitwayo PLA. Niagize nyingine?

Bado. Taa hiyo inakuambia kwamba umeme wa volti 5 umefika, haikuambii umefika kiasi gani. Adapta ya asili ya mashine hii imemiminiwa gundi ngumu ndani, joto halina pa kutokea, na miaka ikipita kidhibiti chake cha volti huchoka. Kikishindwa, zile volti 5 hupanda, na chipu za RAM, yaani kumbukumbu ya muda, huwa miongoni mwa za kwanza kuungua. Kwa hiyo pima adapta kabla ya yote. Ukisoma kati ya 4.75 na 5.25, sawa. Ikizidi hapo, isiguse tena kompyuta yako hata kwa dakika moja; tafuta adapta mpya iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine hii.

Kisha pima volti 9 za AC (mkondo geu) zinazotoka kwenye adapta hiyohiyo, na uitazame fyuzi iliyo ndani ya kompyuta. Hapa ndipo watu wengi hupoteza chipu nzima bure. Kwenye bodi za mwanzo, VIC-II, yaani chipu ya picha, hupata umeme wake kupitia njia hiyo ya volti 9. Fyuzi ikikatika, taa itaendelea kuwaka na skrini itabaki nyeusi. Dalili ni zilezile za PLA iliyokufa, na dawa yake ni fyuzi tu.

Umeme ukiwa salama, hapo PLA inastahili kushukiwa. Ndiyo inayomwongoza prosesa ajue anuani hii ni ya RAM, ile ni ya ROM (kumbukumbu ya kudumu), na ile nyingine ni ya vifaa. Inafanya kazi ikiwa na joto kali, na hufa mara nyingi.

Sina osiloskopu, kile chombo cha kuonyesha mawimbi ya umeme. Nitaijuaje chipu mbovu?

Anza na kidole. Washa mashine kwa sekunde chache, gusa chipu za RAM moja baada ya nyingine. Zote zinatakiwa ziwe na uvuguvugu unaofanana. Inayounguza kidole wakati wenzake wametulia, hiyo ndiyo mshukiwa wako. Ila usimhukumu VIC-II wala SID, chipu ya sauti, kwa joto, maana hizo huchemka hata zikiwa nzima.

Pili, soma skrini ikiwa inaonyesha chochote. Commodore 64 nzima huwaka ikiandika 38911 BASIC BYTES FREE, ikihesabu nafasi iliyobaki kwa programu zako. Ukiona namba ndogo kuliko hiyo na hakuna katriji iliyochomekwa, ujue mashine ilipokuwa ikikagua kumbukumbu yake ilikwama njiani.

Tatu, kuna mbinu ya kubebesha. Unachukua chipu nzima ya aina ileile, unaiweka mgongoni mwa unayoishuku, mguu juu ya mguu, upande wenye alama ukielekea kulekule, halafu unawasha. Kwenye bodi zenye chipu nane za RAM za aina ya 4164, kila chipu inabeba biti moja ya kila baiti, kwa hiyo unazipitia nane hizo kwa zamu. Mashine ikizinduka, umempata. Isipozinduka, usiseme RAM haina kosa: chipu iliyopiga shoti huvuta waya chini, na aliyebebeshwa juu yake hana nguvu ya kuuinua.

Nilipoitoa chipu, njia ya shaba ilibanduka nayo. Nilikosea wapi?

Ulitaka kuiokoa chipu. Nalijua kosa hilo kwa sababu nililifanya mwenyewe kwenye bodi yangu ya kwanza: nilipasha miguu, nikatia bisibisi chini ya chipu, nikainua. Mguu mmoja ulikuwa bado umeshika. Nilisikia mlio mdogo kama wa karatasi inayochanika, na ule uzi wa shaba ukanyanyuka ukiwa umejikunja. Niliurudisha kwa kipande cha waya mwembamba, lakini kovu lipo hadi leo.

Ikiwa una hakika chipu imekufa, itoe sadaka. Kwa mkasi mdogo wa waya, kata kila mguu karibu kabisa na mwili wa chipu. Mwili unadondoka wenyewe, na kinachobaki ni safu mbili za vijiti vimesimama kwenye bodi. Paka flaksi, dawa inayosaidia lehemu kuyeyuka na kutiririka vizuri. Gusa kijiti kimoja kwa kichomeo chenye nyuzijoto 320 hadi 350, subiri mpaka uone lehemu imeng'aa na kulegea pande zote mbili za bodi, kisha kitoe kwa kibano. Kinatoka bila kuvutwa. Kikikataa, usikilazimishe, ongeza lehemu mpya kidogo, kwa kuwa ile ya zamani imekauka na haipitishi joto vizuri. Mguu wa athi utakusumbua kuliko yote, kwa sababu umeungana na eneo kubwa la shaba linalomeza joto. Upe muda.

Matundu yakishasafishwa kwa pampu ya kunyonya lehemu, weka soketi. Tafadhali, usilehemu chipu mpya moja kwa moja kwenye bodi. Atakayeifungua mashine hii miaka 20 ijayo atakushukuru.

Nimebadilisha RAM kwenye Spectrum mara mbili, zinakufa tena. Nimeuziwa mbovu?

Sidhani. Chipu za RAM za aina ya 4116 zilizo kwenye kumbukumbu ya chini ya Spectrum zinakula volti tatu tofauti: 12, 5, na 5 hasi. Ile hasi ikikosekana huku ya 12 ipo, chipu hufa. Pima mguu wa 1 ukilinganisha na wa 16, usome takriban 5 hasi. Mguu wa 8 usome 12. Wa 9 usome 5. Zikikosea, tatizo liko kwenye kigeuza umeme kilicho ndani ya bodi, na transista ya TR4 ndiyo ya kwanza kuchunguzwa, pamoja na koili iliyo karibu yake. Ponya hapo kwanza, ndipo uweke RAM nyingine.

SID yangu ya 6581 imenyamaza. Naweza kuweka SID ya toleo la 8580?

Usiichomeke hivihivi. 6581 hutumia volti 12, 8580 hutumia 9, utaiua. SID haitengenezwi tena, na zinazouzwa kama mpya nyingi ni kuukuu zilizokwaruzwa na kupigwa chapa upya. Zipo mbadala za kisasa kama ARMSID, nami naziona ni chaguo la heshima kuliko kucheza bahati nasibu.

Na prosesa?

Hufa mara chache. Ila fahamu kwamba kampuni ya Zilog ilifunga oda za Z80 ya asili, prosesa ya Spectrum, mwaka 2024, basi ukiwa na ya akiba itunze. Prosesa ya Commodore 64, 6510, ina bandari (port) yake ya ndani ya kuingizia na kutolea ishara, kwa hiyo ndugu yake 6502 haiwezi kukaa mahali pake.

Nibadilishe kapasita zote?

Kwa Spectrum, zile za elektrolaiti, ndiyo. Kwa BBC Micro, kompyuta nyingine ya zama hizo, zile za kuchujia umeme ndani ya pawasaplai zibadilishwe kabla hujawasha, maana hupasuka na kufukiza moshi. Commodore 64 inaweza kusubiri.

Kompyuta yangu ya Amiga 500 Plus ina ukungu wa kijani karibu na betri.

Acha barua nyingine zote, shughulikia hii leo. Betri hiyo ya nikeli na kadmiamu imevuja, na maji yake ni alkali inayoendelea kula shaba hata mashine ikiwa imezimwa. Kata betri uitoe. Sugua eneo hilo kwa siki na mswaki laini, suuza kwa maji safi, kisha kwa spiriti ya isopropili, uache ikauke kabisa. Halafu chukua mita, ukague kila njia ya shaba iliyopita pale, moja moja, kabla ya kuishuku chipu yoyote.