Mbona wadudu hawapo baharini?

SWALI: Nasoma kwamba zaidi ya nusu ya spishi zote za wanyama zinazojulikana ni wadudu, na kwamba uhai ulianzia baharini. Mbona basi sijasikia mdudu wa baharini, ilhali kasa na nyoka, ambao asili yao ni nchi kavu, wamerudi huko? Na wapi hasa penye anuwai kubwa zaidi ya wanyama?

JIBU: Wapo, ila wa kuhesabu kwa vidole. Kati ya spishi zipatazo milioni 1 za wadudu zilizokwisha kupewa majina, ni 5 tu, zote za jenasi ya Halobates, zinazoishi katika bahari kuu. Hutembea juu ya maji kwa miguu mirefu yenye vinyweleo visivyolowa, na hutaga mayai juu ya chochote kinachoelea: unyoya, kipande cha gogo, siku hizi hata plastiki. Lakini kuzama hawazami. Wanaishi juu ya bahari, si ndani yake.

Wengi hudhani kikwazo ni chumvi. Sivyo. Wapo viluwiluwi vya mbu wanaokua kwenye vidimbwi vya pwani ambavyo jua likivikausha huwa na chumvi kuliko bahari yenyewe, wala hawadhuriki.

Shika kiwavi mkubwa umtazame ubavuni. Utaona mstari wa vitundu vidogo, kama vifungo vya shati. Hizo ndizo pua zake: kila kitundu kinaingiza hewa kwenye mirija inayoifikisha moja kwa moja hadi ndani ya mwili. Nchi kavu mpango huo hauna mfano. Ila mirija iliyojaa hewa humfanya mdudu aelee, na akishuka kina kirefu shinikizo la maji huibana. Wadudu wa mito na madimbwi wamepata mbinu za kuliepa tatizo hilo kwenye maji ya kina kifupi, basi.

Hata hivyo, maelezo yanayoniridhisha zaidi ni ya ukoo. Wadudu ni tawi la kundi la kaa na kamba lililohamia nchi kavu zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Huku nyuma wale ndugu hawakukaa bure. Walienea kila pembe ya bahari. Mdudu akirudi leo anakuta nyumba imejaa. Nchi kavu, kinyume chake, alikuta mimea, na baadaye maua, kila mmea ukiwa na jani, shina, mbegu na mzizi wa kutafunwa na mtu wake. Ndiyo maana mbawakawa peke yao wanakaribia spishi 400,000.

Reptilia nao tusiwatukuze mno: kati ya spishi kama 12,000, za baharini ni kama 100. Kilichowasaidia ni mapafu na mwili mkubwa, maana wanaweza kuvuta pumzi juu na kuibana wakiwa chini. Chumvi ya ziada huitoa kwa tezi maalumu. Yale machozi mazito ya kasa anayetaga, yaliyogandamana na mchanga, si kilio. Ni chumvi inatoka. Na kutaga ndiko kunakomrudisha ufukweni, kwa kuwa yai lake linapumua hewa, likizama linakufa. Nyoka wengi wa bahari wamelimaliza tatizo hilo kwa kuzaa watoto hai majini.

Sasa swali lako la mwisho. Ukihesabu spishi, nchi kavu inashinda kwa mbali, na mimi mtu wa wadudu sina sababu ya kulalamika. Ukihesabu namna za kuwa mnyama, bahari haina mpinzani. Mbawakawa na kipepeo, kwa tofauti zao zote, wana kichwa kimoja, kifua kimoja na miguu sita. Kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, hana kichwa wala ubongo. Hutembea kwa mamia ya vijiguu laini vinavyosukumwa na maji yaliyo mwilini mwake. Ukoo wake mzima, pamoja na majongoo bahari, haujawahi kutoa mkazi hata mmoja wa nchi kavu.