Rangi ya kopo imekula ukuta wa ngome

SWALI: Mimi na wenzangu hapa Likoni hucheza michezo ya kuigiza ya mezani, ya mashujaa na mazimwi. Nilichonga ukuta wa ngome kwa povu jeupe la katoni ya runinga, nikaupulizia rangi ya kopo, ukaliwa mashimo. Kosa liko wapi?

JIBU: Kosa ni rangi. Kiyeyusho kilichomo kwenye kopo huyeyusha povu la polistirini. Changanya gundi nyeupe ya maseremala vijiko 2, rangi nyeusi ya maji kijiko 1 na maji kijiko 1. Paka mikono miwili, yaani tabaka mbili, uzibe hasa kingo ulizokata, na mkono wa kwanza ulale ukauke usiku kucha. Kwa unyevu wetu wa pwani, saa mbili tatu hazitoshi. Hata hapo endelea na brashi, usirudie kopo, kwani kitundu kimoja tu kinatosha kupitisha kiyeyusho.

Kabla ya kupaka, kunja foili ya jikoni iwe donge, uligandamize kwenye povu. Vile vishimo hutoa sura nzuri mno ya mawe ya matumbawe, kama kuta za Fort Jesus. Mwisho chovya brashi kavu kwenye kijivu, ifute kitambaani hadi rangi ikaribie kuisha, uipitishe juu juu: matuta tu yashike. Kitako cha kadibodi kipake pande zote mbili, la sivyo kitapinda.