Ng'ombe ana ndigana baridi na mimi nina homa: je, ni ugonjwa mmoja?

SWALI: Shikamoo daktari. Ng'ombe wangu wa maziwa alipandisha homa, ufizi ukawa mweupe kisha wa manjano, kinyesi kikawa kigumu na cheusi. Bwana mifugo alisema ni ndigana baridi, akamchoma oksitetrasaiklini, na sasa anakula. Siku ile nilikaa kumtoa kupe kwa mikono. Siku ya sita nikashikwa na homa, kichwa kinagonga, shingo inauma. Pajani nina kidonda kidogo kikavu, cheusi katikati, na mtoki umevimba. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Je, ng'ombe ameniambukiza? Dawa yake iliyobaki kwenye chupa inanifaa? Na maziwa tunywe?

JIBU: Marahaba. Nianze na chupa: usiiguse. Dawa ya jamii hiyo hiyo ndiyo huenda ukapewa hospitalini, lakini ile ya mifugo imetengenezwa kwa mnyama wa mamia ya kilo, mara nyingi kwa kimiminika kinachokaa muda mrefu kwenye msuli. Haijapimwa kwa ajili ya mwili wako.

Sasa ng'ombe. Hajakuambukiza. Ndigana baridi huletwa na bakteria aitwaye Anaplasma marginale, ambaye Arnold Theiler alimweleza huko Afrika Kusini mwaka 1910. Ukitazama damu ya ng'ombe mgonjwa kwa hadubini unaona vidoa vyeusi kwenye kingo za chembe nyekundu. Bandama huzing'amua chembe hizo kuwa mbovu na kuziharibu, ndiyo maana ufizi hupauka, kisha umanjano hufuata. Kwa kuwa chembe hazipasukii ndani ya mishipa, mkojo haugeuki mwekundu. Ukiwa mwekundu, fikiria ugonjwa mwingine wa kupe. Bakteria huyu ni wa ng'ombe na jamaa zake wanaocheua. Binadamu hamshiki.

Hata hesabu ya siku inakataa. Ndigana baridi hukaa mwilini kwa wiki tatu hadi tano hivi kabla ng'ombe hajaonyesha dalili, kwa hiyo kupe aliyemletea alimuuma kama mwezi mmoja nyuma. Wewe umeugua siku sita tu baada ya kushika kupe. Tena msambazaji mkuu wa ndigana baridi ni kupe wa buluu, ambaye hunyonya hatua zake zote juu ya ng'ombe mmoja na ni nadra kumgusa mtu.

Basi nani kakuuma? Kile kidonda cheusi ndicho kinachoongea. Mahali kupe alipodunga, bakteria aina ya riketsia huingia kwenye kuta za mishipa midogo ya damu na kuiziba. Ngozi ya hapo inakosa damu, inakufa, inabaki kigaga cheusi chenye wekundu pembeni. Hakiumi sana, kwa hiyo wengi hudhani ni jipu lililokauka. Kigaga, mtoki wa upande ule ule, homa, kichwa na shingo, yote baada ya siku tano hadi kumi: picha hiyo inafanana mno na homa ya kupe ya riketsia. Katika Afrika kusini mwa Sahara na visiwa vya Karibi, anayeshukiwa kwanza ni Rickettsia africae, anayebebwa na wale kupe wakubwa wenye mgongo wa rangirangi. Hao hawasubiri upite. Wakisikia pumzi yako hukufuata kwa miguu. Na kupe jike huwarithisha mayai yake riketsia hao, kwa hiyo hata kupe mchanga ambaye hajawahi kunyonya ng'ombe yeyote anaweza kukuambukiza. Ng'ombe wako hapo alikuwa meza tu ya chakula.

Nenda hospitali leo, na usiseme tu "nina homa". Sema: "Nilitoa kupe, siku ya sita nikaugua," kisha vua uonyeshe kigaga. Nimeona watu wakizungushwa kwa dawa za malaria na amoksisilini kwa sababu paja halikutazamwa na mtu. Amoksisilini haifanyi kazi hapa. Kinachotumika kwa kawaida ni doksisaiklini, na homa huanza kushuka ndani ya siku mbili tatu. Daktari asingoje kipimo cha kingamwili ndipo aanze tiba. Siku za mwanzo mara nyingi hakionyeshi kitu. Kama una ujauzito, mwambie kabla hajaandika dawa. Upele mwilini, kuchanganyikiwa au kupumua kwa shida ni dharura, maana wapo riketsia wengine wakali kuliko huyu.

Kuhusu kupe: mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja, kisha nawa. Usimpake mafuta wala kumchoma na kiberiti, na usimpasue kwa kucha. Maji yake yakiingia kwenye mchubuko ni njia nyingine ya kuambukizwa.

Maziwa sasa. Ndigana baridi haipiti humo, ila dawa inapita, na kuchemsha hakuiondoi yote. Siku za kusubiri zimeandikwa kwenye lebo. Zihesabu kuanzia sindano ya mwisho, si ya kwanza. Zikiisha, kunyweni, mkichemsha kama kawaida.

Jambo ambalo hukuuliza: ng'ombe huyo amepona, lakini kwa kawaida hubaki na bakteria damuni maisha yake yote. Sindano iliyomchoma yeye isimchome mwingine, na kisu cha kukatia pembe kisafishwe kabla hakijahamia kwa jirani yake. Kundi linaweza kuogeshwa vizuri kila wiki na bado likaambukizwa kwa sindano moja iliyozungushwa siku ya chanjo.