Maswali ya Lishe: Mnauonea Ugali Bure

Swali: Nimeacha ugali kwa miezi miwili. Ninakula chipsi kidogo na soda tu, lakini uzito haushuki. Tatizo ni nini? (Mama, Uyole, Mbeya)

Jibu: Mama, swali hili limeletwa mara nyingi mno, na ninasikitika kuona ugali ukiendelea kusingiziwa. Gramu moja ya wanga ina kalori 4, lakini gramu moja ya mafuta ina kalori 9, na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kula kina kalori karibu 120 bila kushibisha hata kidogo. Viazi vya kuchemsha ni chakula kizuri. Vikishatoka kwenye karai la mafuta, hesabu yake ni nyingine kabisa. Soda ya mililita 350 nayo hubeba sukari ya gramu 35 hadi 40, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu anayekula kalori 2,000 kwa siku asizidishe gramu 50 za sukari ya kuongezwa, na ni bora zaidi akibaki chini ya 25. Rudisha ugali, kiasi cha ngumi yako, ujaze nusu ya sahani kwa mboga za majani zisizoogelea mafuta, kisha uongeze maharage au usipa wa Ziwa Nyasa. Ukiweza, chagua dona, kwa sababu kukoboa huondoa nyuzinyuzi na sehemu kubwa ya vitamini B. Lakini hakikisha mahindi yamekauka vizuri na yamechambuliwa, maana yenye ukungu huweza kuwa na sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupika.

Swali: Je, parachichi linanenepesha? (Njombe)

Jibu: Likizidi, ndiyo. Gramu 100 zina kalori karibu 160, ingawa mafuta yake mengi ni mazuri kwa moyo. Kula nusu tunda badala ya mafuta mengine, wala si nyongeza juu yake.

Swali: Ni kweli kwamba kula baada ya saa moja usiku huleta kitambi? (Tukuyu)

Jibu: Angalia kwanza jumla ya ulichokula tangu asubuhi.

Swali: Kuna chai ya kupunguza tumbo inauzwa stendi. Ninywe kwa muda gani? (Kijana, Makambako)

Jibu: Usinywe kabisa. Nyingi ya chai hizo huharisha, na kilo zinazopotea ni za maji, si za mafuta. Kupungua kwa usalama ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Anayetumia dawa za kisukari asijinyime chakula kabla ya kuzungumza na daktari wake, kwani sukari inaweza kushuka ghafla na kumwangusha.

Swali: Ulanzi ni kinywaji cha asili. Je, nao una kalori? (Iringa)

Jibu: Unazo. Kila gramu ya kilevi ina kalori 7, kiwe cha mwanzi au cha kiwandani.

Swali: Nyumbani tumeamua sote kupungua, hata mtoto wetu wa miaka miwili tumempunguzia maziwa na mayai. Tumefanya vyema? (Baba, Mufindi)

Jibu: Hapana, baba, na ninaomba muache leo hii. Takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zilionyesha kwamba mkoani Iringa watoto karibu 57 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na Njombe na Rukwa ni karibu 50, wakati wastani wa nchi ni 30. Hii ndiyo mikoa inayolisha wengine mahindi! Maghala yamejaa, lakini bakuli la mtoto lina uji mweupe mtupu, na mama yuko shambani tangu alfajiri. Mrudishieni yai na maziwa, tieni karanga zilizosagwa katika uji wake, mpeni matunda na mboga kila siku, kisha mpelekeni kliniki wiki hii apimwe urefu pamoja na uzito. Mkiwa na wasiwasi kwamba ni mnene, mwoneni afisa lishe wa halmashauri kabla ya kumpunguzia chochote.