Shangazi, kiangazi chetu cha mwisho ughaibuni kimegeuka ugomvi

*Shikamoo Shangazi. Mimi na mume wangu tumeishi ughaibuni miaka tisa. Mwishoni mwa Agosti tunarudi nyumbani jumla, kwa sababu mama mkwe ameanza kudhoofika na mume wangu ni mtoto wa pekee. Mwenzangu ametundika ramani jikoni, na kila Jumamosi anataka twende mahali ambapo hatujawahi kufika. Mimi sitaki. Nimeanza kuuza vitu, kuta zimebaki tupu, na rafiki yangu mkubwa hapa akinialika namwambia nina kazi. Juzi nimeuza baiskeli ya mume wangu bila kumwambia, tukagombana hadi usiku wa manane. Anasema ninamharibia kiangazi cha mwisho. Je, nimkazanie atulie tufungashe, au nimfuate tu ili pawe na amani? – Mwenye Masanduku*

Marahaba, mwanangu.

Tuanze na baiskeli. Kama aliyeinunua anaweza kuirudisha, irudishe. Kama haiwezekani, mwombe mumeo radhi, na ukishasema "nisamehe" usiongeze "lakini". Mali ya mtu haiuzwi kwa sababu mwenye mali anakuudhi.

Tuje kwenye jambo lenyewe. Kuna kitu hukukiandika. Umeniambia kwa nini mnarudi, lini mnarudi na kuta zikoje. Hukuniambia kama wewe unataka kurudi. Nadhani ugomvi wenu umelala hapo, na ramani ya jikoni inasingiziwa tu. Mumeo ameitwa na wajibu, na wajibu wa mama haukataliki, kwa hiyo hata yeye hana pa kusemea kwamba moyo unamuuma. Anazunguka. Wewe umekubali kwa sababu ungekataaje? Basi umeamua kuondoka mapema, kiroho, ili siku ya ndege isikute kitu cha kukuumiza. Wote wawili mko msibani, ila kila mmoja analia chumba chake.

Hivyo usimkazanie, na usimfuate kimyakimya pia. Mwanamke anayefuata kwa kununa haleti amani, analeta kununa safarini.

Mumeo naye simwachi. Kukimbizana na miji ambayo hamjawahi kuikanyaga, wiki baada ya wiki, kutawapa picha nyingi na uchovu mwingi. Mtakayoyakosa mkifika nyumbani ni mengine kabisa: kona mnayokunja mkitoka kazini, benchi mnalokaa jua likichelewa kuzama, jirani asiyewajua majina lakini anapunga mkono kila asubuhi. Mwambie achague sehemu mbili tu katika ramani ile, zile ambazo kweli zitamsumbua asipoziona, nawe uende kwa moyo mweupe. Jumamosi zilizobaki fanyeni mliyokuwa mkiyafanya siku zote. Na picha moja au mbili zirudishe ukutani. Agosti bado.

Kisha kaeni chini mzungumze, simu zikiwa mbali. Mwambie wazi: "Nimekubali kurudi, lakini sijafurahi, na sitaki nije kukudai baadaye." Hilo la kudai ndilo ninaloliogopea ndoa yenu. Mke aliyenyamaza mwezi wa Julai huwa na hesabu ndefu ifikapo Januari, na mume anashangaa deni limetoka wapi.

Hapo hapo muulizane ya nyumbani. Mtalala wapi miezi ya mwanzo, kwa mama au kwenu? Kazi yako itakuwaje? Na nani hasa atamuuguza mama? Mtoto wa pekee ni yeye, lakini mara nyingi mno anayeamka usiku kumgeuza mgonjwa ni mkwe, na hakuna aliyemuuliza. Ulizeni sasa, kabla desturi haijajibu kwa niaba yenu. Kubalianeni pia kwamba baada ya mwaka mmoja mtakaa tena kupima maisha yanakwendaje.

Kwa nini mwaka? Kwa sababu kurudi nako kuna ugeni wake, na wengi haujawahi kuwapitia akilini. Mwaka 1955 mtafiti wa Norway, Sverre Lysgaard, aliandika juu ya Wanorway waliokwenda Marekani kwa Fulbright, ufadhili wa masomo wa serikali ya Marekani, akaona hali yao inafuata umbo la herufi U: furaha ya kufika, kisha kushuka, kisha kuzoea. Mwaka 1963 John na Jeanne Gullahorn wakaongeza U ya pili, ile ya kurudi nyumbani, ikawa W. Watafiti waliofuata wameukosoa mchoro huo, maana binadamu hatutembei juu ya mstari mmoja. Hata hivyo ninaupenda kwa jambo moja: unakuonya kwamba siku utakapojiona mgeni kwa ndugu zako mwenyewe, wanaochoka kusikia habari za "kule", hujapotea njia. Usiihukumu ndoa wala uamuzi wa kurudi katika miezi hiyo.

Kufungasha kwenyewe nakuachia, mikono unayo. Ila karatasi zisiingie kwenye mizigo ya meli, zibebe mkononi. Chukueni rekodi za hospitali na barua za waajiri mkiwa bado hapo. Kama nchi zote mbili zimo katika Mkataba wa The Hague wa 1961, vyeti mlivyopewa huko vitahitaji apostili, yaani muhuri wa kuthibitisha kwamba cheti ni cha kweli ili kikubalike nchi nyingine, na muhuri huo hutolewa na nchi iliyotoa cheti, kwa hiyo kuufuatilia ukiwa mbali ni taabu tupu. Kama nchi mojawapo haimo, ulizeni ubalozini. Michango ya pensheni msikimbilie kuichukua kabla hamjajua mnapoteza haki gani. Akaunti ya benki isifungwe hadi dipoziti ya nyumba irudi na bili za mwisho zilipwe, na laini ya simu iliyounganishwa na benki msiikate kabla ya hapo, la sivyo namba za siri zitatumwa kwenye simu isiyo yenu.

Limebaki la huyo rafiki yako. Ninajua unajikinga. Lakini yeye haoni hivyo. Anaona umemchoka, na atabaki na fikra hiyo mtakapokuwa mmeshaondoka. Mpigie leo hii. Usimtengenezee sherehe ya kuagana, mwite tu aje akae nawe sakafuni mkikunja nguo, na kama machozi yatakuja, yaje. Mwombe na yeye achague kitu kimoja katika vile unavyouza, umpe bure.

Kitanda kiwe cha mwisho kuuzwa, mwanangu. Watu waliogombana hadi usiku wa manane hawafai kulala kwenye godoro la kujaza upepo.

Shangazi