Maswali yenu: kanuni za mradi, utani wa Wagogo na mkubwa anayetukana

Wiki hii karibu maswali yote ni ya programu huria (zile ambazo yeyote anaruhusiwa kusoma na kubadilisha kodi yake, yaani maandishi yanayoiendesha), nadhani wanachuo wamemaliza mitihani wakaanzisha miradi. Haya twende.

SWALI: Mkuu naomba kopi ya kanuni za mwenendo tuweke kwenye mradi wetu, tunaihitaji kabla ya Ijumaa. (Nkuhungu)

Hili nalijibu mara ya tatu na ndo mara ya mwisho. Kopi ipo, inaitwa Contributor Covenant, aliianzisha Coraline Ada Ehmke mwaka 2014, ni ya bure, maelfu ya miradi wanaitumia, unaichukua unaiweka kwenye faili lake, GitHub (tovuti wanakoweka miradi ya programu) wanaitambua na chai yako haijapoa bado. Shida inaanzia hapo. Ndani ya ile kopi kuna mabano yanakuambia weka hapa njia ya kuwasiliana, na nimeona miradi, mingine ya watu wazima kabisa, mabano yamebaki vilevile hayajaguswa. Yaani mtu katukanwa, anatetemeka, anafungua kanuni ajue amwambie nani, anakuta mabano! Kuna mradi mmoja nilikuwa nachangia zamani, wao angalau imeili waliweka, nikaandika malalamiko yangu usiku mzima nikatuma, ikarudi kwamba anwani haipo. Nikaondoka zangu. Baadaye nasikia wanaulizana yule jamaa wa Dodoma kapotelea wapi.

Kwa hiyo kabla ya Ijumaa usitafute kopi, tafuta watu wawili wa kupokea malalamiko na uwaulize kama wako tayari, maana wengine mnawaandika majina hata hawajui.

SWALI: Tupo wawili tu, mimi na rafiki yangu tuliyesoma naye UDOM. Tunahitaji kanuni kweli?

Mistari mitano inatosha, na iandikeni sasa hivi mkiwa bado mnapendana.

SWALI: Anayetukana watu kwenye mradi wetu ndo mwanzilishi, na ndo anaandika kodi karibu yote. Tukimgusa mradi unakufa. Tufanyeje? (Dada wa Singida)

Dada yangu, hili ndo swali, mengine yote ni mapambo. Kila mtu anaandika kanuni akimfikiria kijana mgeni aliyeingia jana na vurugu zake, hakuna anayeandika akimfikiria mwenye nyumba.

Mfano mnaoujua wote ni Linux, ile programu ya msingi inayoendesha kompyuta. Miaka mingi mwanzilishi wake, Linus Torvalds, alikuwa anawaandikia watu barua za kuwavua nguo hadharani na watu wakawa wanasema ndo alivyo, vumilieni, kodi yake (sio ile ya TRA) ni nzuri. 2015 wakaweka kanuni fupi tu, kiini chake ni kwamba kazi yako itakosolewa vikali, ukiona umeonewa uwaone wazee wa kamati. Septemba 2018 Torvalds mwenyewe akaomba radhi, akasema anakaa pembeni kwa muda, na siku hizohizo mradi ukachukua ile Contributor Covenant. Je Linux ilikufa? Toleo la 4.19 lilitoka Oktoba hiyohiyo kwa mkono wa Greg Kroah-Hartman aliyemshikia nafasi, Torvalds akarudi, na simu yako ya Android mpaka leo inatembea na Linux humo ndani.

Kwa hiyo hiyo habari ya tukimgusa mradi unakufa mimi siiamini. Mnamhesabia yeye kodi aliyoandika, sawa, nani amehesabu kodi ambayo haikuandikwa na wale waliotukanwa wakafunga laptop wakaenda kulala? Hao hawaagi.

Sasa cha kufanya. Kwanza angalieni nani ana funguo za mradi, kama kwenye GitHub mwenye mamlaka ya juu ni yeye peke yake basi hata mkiandika kanuni ndefu kama katiba ya nchi hamuwezi kumfungia hata siku moja. Ombeni apatikane mwenye funguo wa pili, msiseme ni kwa sababu ya matusi, semeni akiugua je, akipoteza simu je, ambayo pia ni kweli. Pili, wapokea malalamiko wawe wawili, mmoja asiwe mtu wake wa karibu, na iandikwe wazi kwamba anayelalamikiwa haketi kwenye kikao cha shauri lake. Akigoma yote hayo, leseni inawaruhusu kuchukua kodi mkahama nayo mkaanzisha mradi wenu kwa jina jingine. Inachosha, mtagombana na marafiki, lakini ruhusa ipo.

SWALI: Mimi Mgogo, kwenye mradi wananitania kila siku kuhusu ombaomba na mlenda, na mimi nawarudishia. Mtu kaleta kanuni zinakataza mzaha wa kabila. Si wataua utani?

Mgogo mwenzangu, hapa niko upande wako nusu. Utani wetu una wenyewe, mtani wako anakusema mpaka machozi halafu siku ya msiba wako ndo yuko mstari wa mbele anafanya vituko watu wacheke, ni kitu cha pande mbili na kila mtu anajua nafasi yake. Lakini kwenye mradi yumo mtu wa Kisumu, yumo wa Bujumbura, yumo binti wa mwaka wa kwanza hajawahi kuonana na yeyote kati yenu, anasoma maandishi tu haoni unavyocheka, na akitaniwa yeye hajui kama ana haki ya kujibu. Huyo hana utani na wewe, ana aibu tu.

Msiandike utani marufuku maana hakuna atakayefuata. Andikeni hivi: ukiambiwa acha, unaacha hapohapo, huulizi kwa nini, na huambii mtu hana uvumilivu. Halafu ule wa kabila wa ninyi wawili upelekeni inboksi.

SWALI: Hizi kanuni si mambo ya Wazungu tu?

Mama yako yuko VICOBA? Muulize katiba yao inasemaje kuhusu anayechelewa kikao na anayemjibu mwenyekiti vibaya, na faini ni shilingi ngapi. Wale akina mama wanajua kuandika kanuni kuliko nyinyi, maana kila kosa lina bei yake na mweka hazina anadai. Ukitaka za Wazungu, waliotengeneza SQLite (programu ya kutunza data), mwaka 2018 walikutwa wameweka kanuni za watawa wa Mtakatifu Benedikto, za karne ya 6, watu wakachachamaa mpaka wakabadilisha jina zikaitwa maadili ya waanzilishi. Sasa chagua, VICOBA au watawa.

SWALI: Tuandike Kiswahili au Kiingereza?

Kiswahili kwanza kama ndo mnachogombania. Na msitafsiri, mtaishia na "tabia isiyofaa" ambayo kila mtu anadhani ni ya mwenzake. Taja kitu chenyewe: kumtumia dada ujumbe wa mapenzi inboksi alipouliza swali la kodi, kumwita mtu kilaza, kuweka namba ya mtu hadharani.

SWALI: Admini wetu alipokea malalamiko akapiga skrinshoti akaweka kwenye grupu la WhatsApp lenye watu 200, anasema ni uwazi. Yuko sawa?

Hapana! Na mvue uadmini leo. Uwazi ni kutangaza uamuzi, kwamba fulani kafungiwa wiki mbili kwa kosa hili, hata jina si lazima. Aliyelalamika hatajwi kabisa. Halafu mwambieni kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inatumika tangu Mei 2023, asije akadhani grupu ni sebuleni kwake. Mtu wa pili hatalalamika tena kwenye huo mradi wenu, na mtadhani kuna amani.

SWALI: Lazima kuonya kabla ya kumfukuza mtu?

Kwa makosa madogo ndiyo. Contributor Covenant toleo la 2.0 ina ngazi nne, kusahihishwa, kuonywa, kufungiwa kwa muda, kufungiwa moja kwa moja, na ngazi hizo zilitokana na za Mozilla, wale wa Firefox. Akitishia kumpiga mtu au kumfuata nyumbani hapandi ngazi, anatoka siku hiyohiyo.

SWALI: Naweza kuandika kwenye leseni kwamba wenye matusi wasitumie programu yangu?

Ukifanya hivyo si programu huria tena, kipengele cha 5 cha maana ya programu huria iliyowekwa na OSI (shirika la programu huria) kinakataza kubagua mtu au kundi. Leseni ni ya kodi, kanuni ni ya watu, msichanganye.

SWALI: KAKA NIMETOLEWA KWENYE MRADI BILA KOSA LOLOTE NISAIDIE NIRUDISHWE NAO NI WAONEVU

Sijui ulisema nini huko. Ila mimi ningeanza kwa kuzima hizo herufi kubwa.