Shirazi au Siami? Barua kwa mwanangu Salim

Salim mwanangu,

Salamu zimefika, na picha za paka wote wawili nimeziona, Rukia kanikuzia kwenye simu yake. Unauliza mchukue yupi kwa ajili ya watoto, Shirazi wa manyoya marefu wanayemtaka wao au Siami wa macho ya buluu anayemtaka mkeo. Mimi kabla sijasema lolote nataka kujua kitu kimoja, mchana nani yuko nyumbani? Wewe watoka saa 12 asubuhi, mkeo kazini, watoto skuli kisha chuoni. Huyo paka atakaa na nani? Manake nshawaambia tangu mko wadogo, paka ni wa mtu, si wa nyumba. Watu husema paka hamjali mwenyewe, anajali paa na chakula tu. Si kweli, nimeona kwa macho yangu.

Bibi Mwanaisha wa Kibokoni, shangazi yangu, unamkumbuka, lakini paka wake hukumdiriki. Mumewe alikuwa baharia, akarudi na Siami mdogo kwenye kikapu, ilikuwa miaka ya sabini, mweupe wote, masikio yana kivuli tu. Tukadhani mgonjwa. Kumbe wote huzaliwa weupe, rangi inakuja baadaye kwenye sehemu za mwili zenye ubaridi, masikio, uso, miguu na mkia, na kwa joto la Mombasa yule hakukoza sawasawa maisha yake yote. Na sauti sasa! Siami anaongea, mwanangu. Bibi akikaanga mahamri alfajiri yuko ubavuni anamjibu, bibi akisema neno naye anasema lake, mpita njia kichochoroni anadhani ndani mna mtoto analia. Likizo zote nilikuwa nikienda kulala kwa shangazi kwa sababu ya yule paka, na kila usiku nikiomba aje alale miguuni kwangu na kila usiku anakwenda kwa bibi.

Basi bibi akajaaliwa kwenda hija. Nyumba ikabaki na babu yenu yule wa Kisauni, mnamjua, simtaji. Paka akawa analia mlangoni mchana na usiku, akiwekewa samaki ananusa anaacha anarudi mlangoni. Babu akasema hapati usingizi. Siku moja natoka chuoni naambiwa paka katiwa kwenye gunia la mchele kapelekwa Kongowea sokoni kaachwa huko, paka ambaye hata barabara hajawahi kuvuka. Na babu huyohuyo ndiye aliyetusomesha ile hadithi ya Mtume ya mwanamke aliyemfungia paka asimlishe wala asimwache akajitafutie. Hilo ndilo liliniuma, na linaniuma mpaka leo. Bibi aliporudi na zamzam yake, hata buibui hajavua, alimwita kwanza paka. Hakugombana na mtu. Lakini tende aligawa mtaa mzima na kwa yule hakupeleka hata moja, na wallahi nilifurahi.

Sasa utaniambia, mama, mbona yule paka wenu mwingine alihamishiwa Kuze akarudi Kibokoni mwenyewe, si aliifuata nyumba? Nimelifikiria sana hilo. Alirudi kwa jirani aliyekuwa akimpa vichwa vya samaki, kwa hivyo ni mtu tena. Hata wale paka wa msitu wa Arabuko-Sokoke kule Kilifi, si unajua, 1978 mama mmoja aliokota vitoto kwenye shamba lake la minazi akavilea kwa mkono, wakawa wa nyumbani kabisa, mpaka wengine wakapelekwa Denmark na leo ni aina inayotambuliwa huko. Wametoka porini, na walipopata mtu wakamshika mtu.

Kwa hivyo Siami kwenye nyumba tupu mchana kutwa ni kumwonea, labda mchukue wawili, ndugu wa mzao mmoja. Kwa hesabu hiyo ungesema basi Shirazi, mtulivu, hana makelele, mkitoka atalala. Lakini ngoja. Shirazi achanwe kila siku, si Ijumaa kwa Ijumaa, la sivyo manyoya yanafungana vibonge mpaka ngozi inavutika inamuuma, na macho yafutwe machozi. Watoto watachana mwezi wa kwanza, baadaye nani? Mkeo, tena akirudi kazini amechoka. Na hao wa uso bapa pua imezama ndani wanapumua kwa taabu, kiangazi cha Maskati joto linapita 40, AC ikiharibika na nyinyi hampo je? Ukiamua Shirazi basi tafuta mwenye pua ya kuonekana, na muulize muuzaji kuhusu figo, wana ugonjwa wa kurithi, figo zinajaa vifuko vya maji, na kipimo cha wazazi wake kipo. Akianza kuzunguka maneno, ondoka.

Halafu kifua cha mwanenu Amne. Mkeo kaambiwa Siami hana aleji kwa vile manyoya yake mafupi. Waliomwambia wanauza. Aleji inatoka kwenye mate na ngozi ya paka, na hakuna aina isiyokuwa nayo kabisa. Kabla hujatoa hata riali moja mpeleke mtoto akae na huyo paka, tena zaidi ya mara moja, umsikilize anavyopumua usiku.

Mchukue yupi sisemi. Ningekuwa naishi nanyi ningesema Siami na usingemaliza kuuliza, manake mchana ningekuwapo mimi, lakini siishi nanyi na sitaki kesho paka akilia muanze kusema mama alisema. Kaeni na mkeo mwandike saa za kila mtu, mpigie hesabu za kuchana na za daktari na chanjo, kisha nipigie Ijumaa baada ya sala. Ukiona bado huna la kuniambia kuhusu mchana, watoto wasubiri hata mwaka, hawatakufa.

Na akija yeyote kati yao, dawa zenu za homa na maumivu ziwekwe juu. Panadol kidonge kimoja tu kinaweza kumuua paka, mwambie na huyo binti anayewasaidia kazi.

Mama yako